Fremu Namba Tisa

Nilikuwa nakwenda kufunga ukumbi tu. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, jua limeshashuka nyuma ya ghala la mbao lililo mkabala, nami nina ndoo, tambara la deki na rundo la funguo kiunoni. Kazi yangu ni kutunza ukumbi. Leo harusi, kesho mkutano, keshokutwa mafunzo ya ushonaji. Nafagia, napiga deki, napanga viti, nafunga. Wiki hiyo waliokuwa wamekodi ni watu wa stempu.

Nilikwenda na binti yangu kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Alikuwa na miaka saba. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Akiamka anaongea, akila anaongea, akilala anamalizia maneno usingizini. Baba yake hufanya kazi mbali, hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo maneno yote yale yalikuwa ni ya masikio yangu peke yangu.

"Mama, kwa nini popo hawaanguki? Mama, mwalimu wetu ana kidole kimepinda hivi. Mama, ukimeza mbegu ya chungwa..."

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Nahesabu viti."

Mwenyekiti wa chama chao alikuwa bado yumo ndani, anafuta vioo vya fremu kwa leso yake mwenyewe. Ni mzee wa heshima, fundi saa, mabega yamemshuka kwa kuinamia meza maisha yake yote. Alinieleza mambo ambayo sikuwa nimeuliza. Kwamba wao hawakusanyi stempu ovyo ovyo. Kila mtu ana mada yake. Wa ndege ni ndege tu, wa minara ya taa ni minara tu. Stempu zinapangwa kwenye kurasa, kila moja na maelezo yake chini, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ziwe kama kisa chenye mwanzo na mwisho. Kurasa kumi na sita kwa kila fremu. Halafu jaji anapita na kalamu yake.

"Daktari wetu wa meno ana vyura," alisema. "Miaka ishirini, vyura tu. Mke wake kachoka."

"Na wewe, mzee?"

"Madaraja. Mke wangu naye kachoka, Mama Chiriku."

Chiriku alikuwa ameshaingiza mkono kwenye pipa la taka. Akatoa stempu moja ya kijani.

"Babu, hii mbona umeitupa? Ni nzuri."

"Itazame kona."

"Imekatika kidogo tu."

"Kidogo tu ndiyo hiyo hiyo. Kona ikikatika, kwaheri. Hata iwe nzuri vipi, haiingii kwenye fremu."

"Hata kidogo kama ukucha?"

"Hata kama nywele. Isipokuwa kosa liwe la kiwandani. Mashine ikikosea, picha ikatoka kichwa chini miguu juu, watu wanatoana macho. Hiyo ni dhahabu. Ila kosa la nyumbani..." Akaonyesha pipa. "Na usiivute stempu kwenye bahasha, unasikia? Ukivuta, ngozi yake ya nyuma inabaki kwenye bahasha. Unailoweka kwenye maji ya vuguvugu, unasubiri. Iachie yenyewe."

Fremu zote zilikuwa zimejaa, isipokuwa moja. Namba tisa, ile ya pembeni karibu na mlango wa stoo.

"Hii ya nani?" niliuliza. Nilitaka kujua namsubiri nani ili nifunge nikapike.

Mwenyekiti aliikunja leso yake mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Atakuja. Huwa anachelewa."

Akavaa koti lake na kuondoka. Kwa mzee wa umri ule, alitembea haraka mno.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Karatasi mbichi, na gundi... ile gundi ya zamani ya kulamba, tamu na chachu kwa pamoja. Niligeuka nikamkuta ameshasimama ndani. Bibi mwembamba, gauni la kijivu, sanduku dogo mkononi na glavu nyeupe za pamba. Mlango ule hulia ukifunguliwa. Siku zote unalia.

Siku hiyo haukulia.

"Karibu, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Alifungua sanduku akaanza kupanga kurasa zake, moja moja, kwa ncha za vidole. Chiriku alisogea pale kama nzi kwenye kikombe cha chai.

Mada yake ilikuwa "Mtoto". Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, mwandiko mzuri kuliko chapa. Kuzaliwa. Kunyonya. Kutambaa. Kusimama dede. Kwenda shule. Stempu za rangi za kale, na katika kila moja mama na mtoto. Nilizitazama kama mtu anavyotazama nguo dukani wakati hana haja nazo. Ukurasa wa kumi na sita uliandikwa juu "Kushikwa mkono". Chini yake hapakuwa na stempu. Palikuwa na mstatili mmoja wa penseli, mtupu.

Bibi alitoa lenzi. Hakuielekeza kwenye kurasa. Alimwinamia mwanangu.

Alimtazama uso. Akatazama sikio la kulia, sikio la kushoto, vidole vya mikono. Kisha akamgeuza taratibu, akainua nywele zake, akamtazama shingoni kwa nyuma. Chiriku alicheka kwa kutekenywa.

"Hana kasoro," alinong'ona bibi.

"Kasoro yake ni mdomo," nilimwambia. "Huo ungeutazama vizuri."

"Ni wako?"

"Wangu."

"Naweza kumchukua?"

Nilidhani anataka msaidizi wa kumshikia kurasa. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikasema yale ambayo kila mama mwenye mtoto wa miaka saba ameshayasema.

"Mchukue tu, mama. Mchukue hata mwaka mzima, masikio yangu yapumzike."

Bibi alinitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, kama hayajawahi kupepesa.

"Umesema mwenyewe," alisema.

Akatoa bahasha ya zamani yenye stempu moja, akamkabidhi Chiriku. "Iloweke. Usiivute. Keshokutwa uniletee."

Nilifurahi. Nilihesabu kwamba kazi hiyo ingemshughulisha nusu saa nzima.

Nyumbani nilimtilia maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikaendelea kukata mboga. Bahasha ilielea. Wino wa anwani ukaanza kuyeyuka, maji yakawa rangi ya moshi. Sikulisoma jina. Nilipokumbuka kulisoma lilikuwa limeshakuwa maji.

Chiriku alikaa kimya akitazama. Nilikiona kile kimya, nikakifurahia. Niseme ukweli, nilikifurahia.

"Imeachia," alinong'ona.

Hilo ndilo neno la mwisho alilosema mpaka Jumapili.

Stempu ilionyesha mwanamke amesimama mlangoni. Kiunoni ana rundo la funguo. Mkono mmoja ameushusha pembeni, kiganja kimekunjika kidogo, kama aliyeshika kitu. Hakushika kitu. Nilifikiri mchoraji hakujua kazi. Tukailaza kifudifudi kwenye karatasi ya kukaushia wino, tukaweka juu yake kamusi ya shule niliyobaki nayo tangu kidato cha nne, tukalala.

Jumamosi asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa.

Mtoto wa miaka saba kukojoa kitandani si jambo la kuita majirani. Nililitoa shuka nikalipeleka kwenye karo. Ndipo nikalinusa. Haukuwa mkojo. Ilikuwa gundi. Tamu na chachu. Nikamvua nguo. Mgongo wake wote ulikuwa umekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua tangu asubuhi. Kwa mbele alikuwa mkavu.

"Unaumwa?"

Alitikisa kichwa.

"Umenuna?"

Akatikisa tena. Nikampa dawa ya homa, kwa sababu ndiyo dawa niliyokuwa nayo, nikaenda naye kazini.

Maonyesho yalijaa watu. Daktari wa meno alikuwa akiwaeleza wageni habari za vyura mpaka wakawa wanaondoka kinyumenyume. Mimi nilikuwa na choo kilichoziba na viti sita vilivyovunjika. Kila nilipopita nilimwona Chiriku amesimama mbele ya fremu namba tisa, mikono imelala pembeni, pua karibu na kioo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake. Hawakuzungumza. Mwanangu alikuwa amevaa viatu vyake vya shule, vile vinavyopiga kelele sakafuni kama farasi. Nilipomwita aje kula, alikuja. Sikusikia hatua.

Nilipomshika mkono uliteleza wenyewe ukatoka. Sio kwamba aliuvuta. Haukushika, basi.

Ndipo nikautazama ukurasa wa kumi na sita. Ndani ya mstatili bado hapakuwa na kitu. Ila chini yake sasa palikuwa na maelezo.

Mama na binti, miaka saba. Haijatumika.

Jioni nilimwogesha. Nilipofika shingoni, chini ya nywele, vidole vyangu viligusa kitu. Niliinua taa. Kilikuwa kikaratasi. Kidogo kama ukucha wa kidole gumba, chembamba, kimekunjwa katikati, nusu moja imegandishwa kwenye ngozi na nusu nyingine inaning'inia. Nilikuwa nimeshaona vya namna ile siku mbili hizo. Ndivyo wanavyogandishia stempu kwenye ukurasa.

Nikakivuta.

Ngozi ilianza kuja nacho.

Niliacha. Nilikumbuka maneno ya Mwenyekiti, usiivute. Chiriku hakulia wala hakushtuka. Alikuwa anatazama ukuta. Nilikaa pale ukingoni mwa beseni mpaka maji yakapoa, na niliyokuwa nikiyawaza, kama nakumbuka vizuri, yalikuwa kwamba sabuni imekwisha. Watu hudhani ukipatwa na jambo kama hilo utapiga mayowe. Mimi nilimfuta, nikamvalisha, nikafua.

Jumapili asubuhi nilipika chai, nikakata mkate, nikakaa nikala. Chai ilikuwa tamu. Nyumba ilikuwa tulivu, na nilijisikia nimepumzika kama ambavyo sijapumzika kwa miaka saba. Nilipokwenda kuosha kikombe changu nikaona kikombe kingine kwenye kichanja. Cha plastiki, cha njano, kimetafunwa ukingoni.

Nilikitazama muda mrefu.

Hiki... cha nani?

Kisha nikageuka. Alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa nguo zake za kutokea, ananitazama. Sikuwa nimempikia. Sikuwa nimemwamsha. Nilikuwa nimesahau kwamba ninaye.

Nilikwenda kwenye kamusi nikaiinua. Stempu ilikuwa imekauka, imenyooka. Yule mwanamke bado amesimama mlangoni na funguo zake. Ila kiganja chake sasa kilikuwa kimeshika kitu. Vidole. Vidole vinne vidogo vilivyotokea pembeni mwa picha, bila mwenyewe.

Nilichukua mkasi wa jikoni nikaikata ile stempu. Uliteleza. Nikakata tena, kwa nguvu zote, kama mtu anayekata mfupa wa kuku. Mkasi ukapinda, stempu haikupata hata alama. Niliiweka kwenye moto wa jiko. Ilikaa pale juu ya moto kama iko mezani. Chiriku akanyoosha mkono akaitoa, akaishika kiganjani. Hakuungua. Tukaondoka.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni mwa ukumbi anapokea wageni.

"Karibu, dada," alisema. "Leo umekuja peke yako?"

Mtoto alikuwa ameniegemea pajani.

Ule "dada" ndio ulionichoma. Miaka minne mzee huyu ananiita Mama Chiriku.

Nilimvuta mpaka stoo, kwenye mifagio. "Mzee, yule bibi wa namba tisa ni nani?"

"Sijui."

"Ni mwanachama wenu."

"Jina lake limo kwenye daftari tangu kabla yangu. Haji kila mwaka. Akija, ukurasa wake wa mwisho huwa na nafasi moja. Akija tena, nafasi imejaa, na kuna ukurasa mwingine mbele yake." Alikuwa ananong'ona, na macho yake yalikuwa kwenye mifagio. "Wengine tulimwambia akate kurasa za mwanzo, maana ni kumi na sita tu. Huwa anakata. Sijui hizo zilizokatwa zinakwenda wapi."

"Mtunza ukumbi aliyekuwepo kabla yangu. Kwa nini aliacha kazi?"

"Hakuacha. Alibadilika tu, mwisho wakamwachisha. Alikuwa anafunga ukumbi anakaa hapo ngazini mpaka giza. Ukimwuliza, anasema hana sababu ya kuwahi nyumbani."

"Alikuwa na mtoto?"

Mzee alifikiri. Niliona anavyofikiri, anavyotafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Nadhani alikuwa naye," alisema. "Au hakuwa."

Nilirudi kwenye fremu namba tisa. Ukurasa wa kumi na tano, stempu ya mwisho, rangi ya kahawia. Mwanamke mnene mwenye rundo la funguo kiunoni. Kando yake kavulana kenye sweta la shule, kifungo kimoja hakipo. Niliazima lenzi kwa daktari wa meno nikakatazama kale katoto usoni.

Kalikuwa kananitazama.

Sikuwa na mtu wa kumpigia simu nikamweleza jambo kama hili. Ningeanzia wapi? Nilipiga deki. Nilizoa takataka. Nilipokuwa nazoa, mikono yangu ilikuwa imelishika pipa lile la Ijumaa, na mle chini bado ilikuwemo ile stempu ya kijani. Nzuri. Kona moja imekatika.

Hata iwe nzuri vipi.

Nilisimama nimeishika. Stempu niliyoijaribu asubuhi ilikataa kukatika, mkasi uliteleza kama kwenye mfupa. Nikaelewa. Ile ya karatasi ilikuwa picha tu. Stempu yenyewe ilikuwa imesimama pale mbele ya kioo, imevaa viatu vya shule.

Saa kumi na mbili jioni maonyesho yalifungwa. Wakusanyaji wakachukua kurasa zao mmoja mmoja, wakaagana, wakataniana kuhusu jaji. Mwanga wa mwisho ulikuwa unaingia kwa dirisha la upande wa ghala, wa rangi ya chai. Mwenyekiti alibeba madaraja yake mpaka kwenye gari. Tukabaki watatu.

Bibi alifungua kioo cha namba tisa. Alitandaza ukurasa wa kumi na sita juu ya meza. Kando yake aliweka kibano, na karatasi safi ya kukaushia wino, kubwa. Kubwa kuliko ya kawaida. Ilifunika meza nzima.

"Njoo," alinong'ona.

Chiriku akaenda. Kwa upande nilimwona vizuri, kwa ule mwanga. Alikuwa mwembamba. Sisemi amekonda. Nasema alikuwa mwembamba... ukimtazama kwa upande ulikuwa karibu usimwone.

Bibi alinyoosha kiganja. Mtoto akampa ile stempu. Kisha bibi akainua nywele zake, akakikamata kile kikaratasi kwa ncha ya kibano.

"Iko tayari," alisema. "Inaachia yenyewe."

Mkasi wangu mwingine ulikuwa kwenye mfuko wa aproni, ule wa kukatia kamba za mabango. Nilitembea mpaka pale. Nilimshika mwanangu kichwa kama ninavyomshika ninapomsuka, nikambana ubavuni mwangu, nikalishika sikio lake la kushoto. Sikuomba dua. Nilifikiria jambo moja, kwamba nisikate padogo halafu nikalazimika kurudia.

Nikakata.

Kipande kilianguka mezani. Kidogo, cha pembe tatu.

Hapakuwa na damu. Pale nilipokata palikuwa peupe... na kavu... na nyuzinyuzi ndogo, kama ukingo wa karatasi iliyochanwa.

Nilihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kisha damu ikaja. Ikaja nyingi, nyekundu, ya moto, ikanitiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Mamaaa! Umenikata! Mama umenikata sikio! Mama mbona umenikata, nimefanya nini, nitamwambia baba, mama linauma, mama..."

Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nilimkandamiza sikio kwa tambara la deki. Viatu vyake vilikuwa vinapiga sakafu kwa hasira, ko, ko, ko.

Bibi hakuinuka. Alichukua lenzi akaitazama stempu iliyokuwa mezani. Vidole vinne havikuwepo. Na kona ya juu, upande wa kushoto, ilikuwa imenyofoka yenyewe, kipande cha pembe tatu.

"Umeiharibu," alisema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa safi."

"Sasa si safi."

"Kosa la nyumbani," alisema polepole. "Takataka."

Alianza kukusanya kurasa zake. Hakuonyesha hasira, na hilo lilinitisha kuliko kama angekasirika. Alifunga sanduku. Akainua lenzi mara moja tena, akanielekezea mimi. Haikuwa usoni. Aliishusha mpaka kwenye aproni yangu, tumboni, akaishikilia hapo kitambo.

"Ya kiwandani," alinong'ona, kama anajikumbusha kitu cha kununua sokoni. "Hiyo mada bado sijaianza."

Mlango haukulia alipotoka.

Mwenyekiti aliingia mbio. "Mama Chiriku! Mtoto kafanya nini?"

"Kaanguka kwenye bati," nilisema.

Kile kikaratasi nilikiona sakafuni nilipokuwa napiga deki ile damu. Kilikuwa kimelowa, kimejikunja. Nilikizoa pamoja na kile kipande cha sikio, nikavichoma vyote nyuma ya ukumbi. Kimoja kilinuka nyama. Kingine kilinuka gundi.

Chiriku sasa anakaribia miaka tisa. Anaongea. Ameanza pia kuimba. Namsuka nywele zishuke upande wa kushoto ili watoto wenzake wasimtanie. Ananiuliza habari za popo, za nyota, za mbona shangazi yake ana ndevu. Habari za sikio hajawahi kuniuliza. Nikikunja nguo na mkasi uko mezani, anauchukua anauweka kwenye droo, na anaendelea na hadithi yake.

Baba yake alirudi mwisho wa mwezi ule. Nilimwambia habari za bati. Tulipopiga hesabu baadaye, ilionekana kuwa Ijumaa ile tayari nilikuwa na mimba ya wiki tatu. Sikuwa najua. Niliyekuwa sijui ni mimi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, kilo tatu na nusu. Muuguzi alimfuta, akamgeuza huku na huku, akasita.

"Mama, katika familia yenu kuna mtu mwenye sikio kama hili?"

Nilitazama. La kushoto. Kona ya juu, kipande cha pembe tatu hakipo. Hapakuwa na kovu, wala damu. Ngozi laini, imezunguka pale vizuri kabisa, kama ndivyo ilivyokusudiwa.

"Hajaumia," alisema muuguzi, akitabasamu ili nisiogope. "Amezaliwa nalo hivyo. Ni kosa dogo tu la kiwandani."

Alikuwa anatania. Wauguzi hutania hivyo.

Nimerudi kazini mwezi huu. Watu wa stempu wamekodi tena, na jana Mwenyekiti aliniletea orodha ya fremu ili nijue nipange meza ngapi. Madaraja yapo. Vyura wapo, daktari ameongeza fremu. Namba tisa mbele yake hakuna jina, kuna mada tu, na hiyo ameiandika mtu mwingine kwa penseli, kwa mwandiko mzuri kuliko chapa.

"Makosa ya Kiwandani."

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Mwenyekiti hakuniuliza sababu. Alisema ufunguo atampa mwanamke anayepika chai ofisi ya jirani, na nilikuwa nimeshafika ngazini niliporudi kumwuliza kama huyo mwanamke ana watoto.

"Ana mmoja," alisema. "Mtundu kweli kweli. Mama yake anasema akipatikana wa kumchukua, amchukue tu."

Nilipaswa kumfuata nikamwambie. Nilikuwa nimechoka, na mtoto alikuwa analia nyumbani. Kwa kweli nilikwenda nyumbani.

Jioni hii mtoto amelala tangu saa kumi, bila kulia, na si kawaida yake. Nimeingia kumwinua nimnyonyeshe. Alikuwa mwepesi mkononi. Shuka chini ya mgongo wake limelowa.

Nimelibeba mpaka dirishani, kwenye mwanga, na bado sijalinusa. Chiriku yuko mlangoni. Ananitazama, na mkasi ameshautoa kwenye droo.

"Mama," ananong'ona. "Huyu tunamkata wapi?"

Nimemwambia asubiri. Nimeliweka shuka puani.

Katika maisha yangu yote ya kulea, sijawahi kutamani hivi uwe ni mkojo.